Ada za pensheni ya binafsi: nina karatasi tatu mkononi, nizilinganishe vipi?

Kibubu_34 anauliza:

Habari zenu wadau. Nafanya kazi ya mkataba hapa Kenya, mwajiri hana mfuko wa pensheni, kwa hiyo ninachokatwa ni NSSF tu. Nataka kuanza mpango wangu binafsi wa pensheni, shilingi 10,000 kila mwezi, na nina miaka kama 20 kabla ya kustaafu. Nimekusanya karatasi tatu, na kila moja inataja ada kwa lugha yake.

Ya kwanza ni ya kampuni ya bima, mfuko wenye dhamana: ada ya mchango 5%, ada ya usimamizi 1.5% kwa mwaka, na mwaka jana walitangaza riba ya 11%. Ya pili ni mfuko usio na dhamana: hakuna ada ya mchango, ada ya mwaka ni 2%, na wanachama walipata 9.5%. Ya tatu, wakala anasema ni "akiba ya kustaafu yenye bima ndani", ya miaka 15, na kwamba haina ada yoyote.

Maswali yangu: ipi ni ghali kuliko nyingine? Kuna makato gani ambayo hayajaandikwa hapo? Na niulize nini kabla ya kutia sahihi?

Mizani anajibu:

Ndugu, anza kwa kujua pesa zako zitapita mikononi mwa nani, maana kila mkono una ankara yake. Mpango wa binafsi uliosajiliwa na RBA, Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, hauendeshwi na mtu mmoja. Kuna mdhamini, ambaye kwa mipango ya aina hii ni kampuni, na ndiye anayeshika mfuko kwa niaba ya wanachama. Kuna msimamizi, anayeandika michango yako, kutoa taarifa ya akaunti na kushughulikia malipo ukitoka. Kuna meneja wa uwekezaji anayenunua hatifungani za serikali na hisa. Kuna mtunza mali, kwa kawaida benki, anayehifadhi mali zenyewe ili meneja asiweze kuzigusa peke yake. Mkaguzi wa hesabu naye analipwa. Halafu kuna tozo ya RBA, ambayo ni 0.2% ya thamani ya mfuko kwa shilingi milioni 500 za kwanza, kisha asilimia inashuka kadiri mfuko unavyokua. Kwenye mfuko wenye dhamana kampuni ya bima hufanya yenyewe kazi kadhaa kati ya hizi, lakini kazi haifanywi bure kwa sababu imefanywa na mtu mmoja.

Sasa rudi kwenye karatasi yako ya kwanza. "Ada ya usimamizi 1.5%" ni ya nani? Ni ya msimamizi peke yake, ya msimamizi na meneja, au ya wote pamoja na tozo? Hapo ndipo watu wengi wanapotelea. Karatasi mbili zinaweza kuandika neno lile lile na kumaanisha mafungu mawili tofauti. Swali la kwanza kwa kila wakala ni hili: mwaka mzima ukiisha, jumla ya kila kitu kilichotoka kwenye mfuko ni asilimia ngapi ya mfuko? Omba jibu kwa maandishi. Uliza pia kama kiwango kilichotajwa ni kabla ya VAT, kwa sababu 1.5% ikiongezwa VAT ya 16% inakuwa 1.74%.

Njia za kukata ni tatu, na usizichanganye. Kuna ada inayokatwa kwenye mchango: 5% ya 10,000 ni 500, kwa hiyo 9,500 ndizo zinazoingia kazini, na shilingi hiyo haiguswi tena kwa ada hiyo. Kuna ada inayokatwa kwenye salio: hii inarudi kila mwaka kwenye pesa zote, zikiwemo ulizoweka miaka kumi iliyopita na faida yake. Na kuna ada ya kiwango kimoja kwa shilingi. Shilingi 100 kwa mwezi ni 1% kwa anayeweka 10,000, ila kwa anayeweka 1,000 ni 10%. Wewe haitakuumiza sana. Mwenye mchango mdogo asome mstari huo mara mbili.

Jambo jingine: kamisheni ya wakala. Haionekani kama mstari peke yake, lakini mara nyingi ndiyo sababu ya kuwepo kwa ada ya mchango. Muulize wazi kama ukijiunga moja kwa moja, bila wakala, ada hiyo inashuka au inabaki pale pale.

Jedwali anajibu:

Mizani kaeleza aina, mimi niweke tarakimu. Tuchukue 120,000 kwa mwaka, tuseme zinaingia mwisho wa mwaka ili hesabu iwe rahisi, na uwekezaji unazaa 10% kila mwaka kabla ya ada. Ukiwa na kikokotoo, kanuni ni hii: mchango wa mwaka mara [(1 + r) kwa kipeo cha n, toa 1], gawa kwa r. Hapo r ni faida baada ya ada, na n ni idadi ya miaka.

Miaka 20, bila ada yoyote: takriban 6,873,000.
Ada ya 1.5% ya salio kwa mwaka: 5,805,000.
Ada ya 2.5%: 5,197,000.
Ada ya 3.5%: 4,659,000.

Wewe mwenyewe utakuwa umeweka 2,400,000. Angalia tofauti ya kutoka 1.5% hadi 2.5%: inaonekana ni pointi moja tu, lakini imeondoka na zaidi ya 608,000, yaani karibu michango yako ya miaka mitano. Haikutoka kwa mkupuo. Inatoka kidogo kidogo na kuondoka na faida ambayo ingezaa faida nyingine.

Sasa mipango yako miwili ya kwanza. Tuchukulie kwa muda kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo, na kwamba 5% inakatwa kwenye kila mchango hadi mwisho.

Mpango wa kwanza, 5% ya mchango na 1.5% ya salio: baada ya miaka 20 ni 5,515,000.
Mpango wa pili, 2% ya salio tu: 5,491,000.

Karibu sawa kabisa, ingawa kwenye karatasi 5% inatisha. Lakini punguza muda uwe miaka 5, na mambo yanageuka: wa kwanza unatoa 675,500, wa pili 704,000. Ada ya mchango inamuuma zaidi anayetoka mapema, kwa sababu imekatwa mwanzoni na haijapata miaka ya kusambazwa. Ada ya salio inamuuma zaidi anayekaa, kwa sababu salio linakua na ada inakua nalo. Kwa hiyo usiulize tu ada ni kiasi gani, jiulize pia utakaa humo miaka mingapi.

Na jihadhari na hili: ukija kuhamisha pesa kutoka mfuko wa mwajiri wa zamani au wa baadaye, uliza kama ile 5% inatozwa pia kwenye pesa zinazohamishwa. Ukihamisha 800,000 na ikatozwa, umepoteza 40,000 siku ya kwanza. Kuna mipango isiyotoza uhamisho na kuna mingine ambayo maneno yake hayasemi chochote. Yasiposema, yaandikwe.

Mama_Akiba anajibu:

Mwanangu, kabla hamjamaliza hesabu za hizo mbili, hiyo karatasi ya tatu iweke pembeni kwanza. "Akiba ya kustaafu yenye bima ndani, miaka 15" inafanana na sera ya bima ya maisha ya akiba. Si pensheni hata kama picha ya jalada ina mzee amekaa bustanini. Njia ya kujua ni fupi: omba nambari ya usajili wa mpango RBA na PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato Kenya) ya mpango wenyewe, siyo ya kampuni. Pensheni iliyosajiliwa inazo zote mbili. Sera ya bima inasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na itakuwa na maneno kama "jumla ya bima" na "thamani ya kusalimisha", yaani kiasi unachorudishiwa ukivunja sera kabla ya muda.

Kusema haina ada si kweli. Ada zimo ndani ya malipo ya bima: gharama ya kumlinda mtu akifa, kamisheni ya wakala, gharama za ofisi. Sehemu kubwa ya kamisheni hulipwa miaka ya mwanzo, na ndiyo maana ukiacha kulipa mwaka wa kwanza au wa pili, thamani ya kusalimisha inaweza kuwa sifuri. Mwambie wakala akupe jedwali la thamani ya kusalimisha mwaka kwa mwaka, mwaka wa 1 hadi wa 15. Kama mwaka wa 5 inaonyesha chini ya ulichoweka, basi hiyo ndiyo ada, imeandikwa kwa jina jingine.

Na kodi haifanani. Mchango wa pensheni iliyosajiliwa unapunguza mapato yanayotozwa kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, kutoka 20,000 ya awali. Bima ya maisha inapata nafuu ya 15% ya malipo, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Kama kipato chako kiko kwenye daraja la 30%, 10,000 za pensheni zinakupunguzia kodi ya 3,000. Kwenye bima, 10,000 zile zile zinakupa 1,500. Tofauti hiyo ya 1,500 kila mwezi, kwa miaka ya mwanzo wakati salio bado dogo, ni kubwa kuliko ada mnazojadili hapa.

Sitaki kuonekana napinga bima. Mwenye watoto wadogo anahitaji bima ya maisha. Lakini inunue kama bima, ujue bei yake, usiifunge pamoja na akiba ya uzeeni halafu ushindwe kutenganisha ipi inakula ipi.

Mizani anajibu:

Mama kasema vyema, nakubaliana naye. Niongeze kuhusu 11% na 9.5%, kwa sababu naona kama tarakimu hizo mbili ndizo zinazomvuta Kibubu.

Swali ni kama riba iliyotangazwa ni kabla ya ada au baada. Kama 11% ni kabla, na jumla ya ada ni 2%, mwanachama aliongezewa 9%. Kama 9.5% ni baada ya ada zote, basi huyo wa pili ndiye aliyewapa wanachama zaidi. Matangazo hayasemi, ila taarifa ya mwanachama husema. Omba sampuli ya taarifa ya mwaka, majina yakiwa yamefutwa, uone salio la mwanzo, michango, faida iliyoongezwa na makato. Kama hakuna mstari wa makato, faida ni ya baada ya ada. Kama mstari upo, toa mwenyewe.

Halafu mwaka mmoja haukuambii kitu. Omba riba ya miaka 10. Kwenye mfuko wenye dhamana, kampuni inaahidi kiwango cha chini, tuseme 4%, na mwaka mbaya inalazimika kukitoa. Malipo ya ahadi hiyo ni kwamba mwaka mzuri haitoi yote. Inaweka akiba kwa ajili ya mwaka mbaya. Hiyo ni gharama ya dhamana na huikuti kwenye jedwali lolote la ada. Mfuko usio na dhamana unakupa kilichovunwa, kikiwa kingi au kikiwa hasara. Kwa mwenye miaka 20 mbele, mimi naona dhamana ni ghali. Kwa mwenye miaka mitatu, naielewa.

Kuna mtego mwingine kwenye mifuko ya kutangaza riba. Riba ya mwaka hutangazwa baada ya hesabu kufungwa, miezi kadhaa ndani ya mwaka unaofuata. Ukitoka au kuhama kabla ya tangazo, unapewa riba ya muda, ambayo mara nyingi iko chini. Anayetaka kuhama asubiri tangazo. Wiki chache za subira zinaweza kuwa na thamani ya pointi kadhaa kwenye salio zima.

Jinsi ya kupata gharama halisi bila kumtegemea wakala: omba hesabu zilizokaguliwa za mpango. Tafuta taarifa ya mabadiliko ya mali halisi. Chukua gharama zote za mwaka, gawa kwa wastani wa mali za mwanzo na mwisho wa mwaka. Mfano: mfuko ulianza na milioni 820, ukaisha na milioni 980, wastani ni milioni 900. Gharama zikiwa milioni 19.8, hiyo ni 2.2%. Lakini soma maelezo ya chini ya hesabu, kwa sababu ada ya meneja wa uwekezaji mara nyingine haiwekwi pamoja na gharama za uendeshaji. Imeshatolewa kwenye mapato ya uwekezaji kabla hayajaandikwa. Ukiikosa hiyo utafikiri mfuko ni wa bei nafuu kumbe umesoma nusu.

Ukubwa wa mfuko nao una maana. Ukaguzi wa hesabu wa shilingi 600,000 ni 1% ya mfuko wa milioni 60, lakini ni 0.01% ya mfuko wa bilioni 6. Mpango mpya mdogo unaweza kuwa na jedwali zuri la ada na bado ukala zaidi, kwa sababu gharama hizi za lazima zinagawanywa kwa watu wachache.

Jedwali anajibu:

Mizani, hapo kwenye dhamana sitakubaliana nawe moja kwa moja. Inategemea kilichomo ndani ya ule mfuko wa pili. Kanuni za uwekezaji zinaruhusu hadi 90% kwenye hatifungani za serikali na hadi 70% kwenye hisa zilizoorodheshwa. Mifuko miwili isiyo na dhamana inaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Kama huo wa pili umejaa hatifungani, mtikisiko wake si mkubwa, na kulipa 2% kwa mtu anayenunua hatifungani za serikali na kuzishika hadi ziive ni bei ya juu kidogo. Kama una hisa nyingi, 2% ina kazi ya kufanya, lakini hapo mtikisiko upo. Aombe mgawanyo wa mali wa robo mwaka iliyopita.

Gharama nyingine ya ndani: kila hisa inaponunuliwa au kuuzwa kuna kamisheni ya dalali na tozo za soko. Zinatolewa kwenye bei, hazionekani kama ada. Meneja anayenunua na kuuza kila wiki anazilipa kwa pesa zako. Na kama mpango unahesabu kwa vipande, yaani mchango wako unanunua vipande vya mfuko vyenye bei, uliza kama bei ya kununua kipande na bei ya kuuza ni moja. Tofauti ya 3% kati yao ni ada ya kuingia iliyovaa nguo nyingine.

Kibubu_34 anajibu:

Asanteni sana, kwa kweli nimejifunza. Nimewaandikia wote watatu nikitumia maswali yenu. Majibu ndiyo haya.

Wa kwanza: ile 5% inakatwa kwenye michango ya miaka mitatu ya kwanza tu, kisha inaisha. Pesa zinazohamishwa hazitozwi. Ile 1.5% ni ya kuendesha na kuwekeza, na "gharama nyingine za mpango, zikiwemo mdhamini na tozo ya kisheria, ni takriban 0.5%". Riba ya 11% ni kabla ya ada hizo.

Wa pili: 2% ni ya kila kitu, pamoja na tozo ya RBA. 9.5% ni baada ya ada. Wametuma hesabu zilizokaguliwa.

Wa tatu hajanipa nambari ya usajili RBA. Amenitumia jedwali la thamani ya kusalimisha, mwaka wa 1 na wa 2 ni sifuri.

Je, jibu linabadilika? Na malipo, niyafanye kwa M-Pesa au yakatwe kwenye mshahara?

Jedwali anajibu:

Linabadilika mara mbili, na ni vizuri uone kwa nini.

Kama ungekuwa na habari ya kwanza tu, kwamba 5% inaisha baada ya miaka mitatu, mpango wa kwanza ungeshinda: kwa 1.5% ya salio ungetoa 5,727,000 dhidi ya 5,491,000 za wa pili. Ungetia sahihi ukiwa na furaha.

Lakini ile 0.5% ya "gharama nyingine" inapandisha ada ya salio hadi 2%, sawa na mpango wa pili. Hapo wa kwanza unatoa 5,419,000. Wa pili sasa uko mbele kwa shilingi 72,000 hivi, na hiyo ndiyo bei ya 5% ya miaka mitatu baada ya kukua kwa miaka yote iliyobaki. Kwa hiyo nusu asilimia iliyoandikwa kwa maandishi madogo imebeba uzito wa zaidi ya 300,000, na ile 5% iliyoandikwa kwa herufi kubwa imebeba 72,000. Hesabu zote hizi zimeshikilia faida ya 10% kabla ya ada kwa wote wawili, ambayo hakuna anayeweza kukuahidi. Nimeshikilia hivyo ili ada peke yake ionekane.

Kwa 11% yao ya mwaka jana, ukitoa 2% unabaki na 9%. Hiyo iko chini ya 9.5%. Bado fanya ule mgawanyo wa Mizani kwenye hesabu walizokutumia wa pili, uone kama 2% waliyosema inalingana na iliyokaguliwa. Ikitoka 2.1% sina wasiwasi. Ikitoka 2.8% wapigie simu.

Na neno "takriban" kwenye jibu la wa kwanza, usiliache. Takriban kwa kikomo gani? Omba waandike kiwango cha juu kabisa, na muda wa notisi watakaokupa wakitaka kukipandisha.

Mama_Akiba anajibu:

Kuhusu malipo. Kukatwa kwenye mshahara kuna faida moja kubwa: mwajiri anapunguza kodi yako papo hapo kila mwezi. Ukilipa mwenyewe kwa M-Pesa au kwa agizo la benki, haki ya kodi unayo bado, lakini utaidai kwenye ritani ya mwaka kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ukiwa na cheti cha michango kutoka kwa msimamizi, kisha usubiri marejesho. Muulize mhasibu wa kazini kama wanaweza kutuma mchango kwenye mpango wa binafsi. Wengi hukubali ukiwapa barua ya mpango yenye nambari ya usajili, PIN na akaunti ya benki.

Kumbuka kikomo cha 30,000 kinajumlisha NSSF. Kwa mfano, kwa viwango vya Februari 2025, mwenye mshahara wa 72,000 au zaidi alikatwa NSSF 4,320, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya nafuu ya kodi ilikuwa 25,680. Angalia hati yako ya mshahara, toa kiasi cha NSSF kilichoandikwa hapo. Kiwango kingine cha kuangalia ni 30% ya mapato yako: kinachotumika ni kidogo zaidi kati ya hivyo viwili na ulichochangia kweli. Kwa 10,000 zako huna tatizo, lakini ukiongeza baadaye ujue ukuta uko wapi.

Kama ni M-Pesa, uliza ada ya Paybill inalipwa na nani. Kuna Paybill ambazo mteja hulipa, kuna ambazo kampuni hulipa, na kuna za kugawana. Kama ni wewe, lipa 10,000 mara moja kwa mwezi badala ya 2,500 kila wiki. Na andika nambari ya uanachama kwa usahihi kwenye sehemu ya akaunti. Kosa la tarakimu moja linapeleka pesa kwenye akaunti ya muda ya michango isiyojulikana, inakaa huko bila kupewa faida kwa jina lako hadi mtu aidai. Baada ya malipo ya kwanza subiri siku chache, kisha ingia kwenye tovuti yao au upige simu uhakikishe imeandikwa kwako, kwa tarehe sahihi.

Mizani anajibu:

La kutoka nalo tulimalize, kwa sababu ada za kutoka ndizo zinazosahaulika siku ya kuingia.

Uliza mambo matatu. Nikihamia mpango mwingine uliosajiliwa, mnanitoza nini na inachukua siku ngapi? Nikisimamisha michango kwa mwaka, kwa sababu mkataba wa kazi umeisha, je kuna ada ya akaunti isiyochangiwa? Baadhi ya mipango hutoza kiwango kimoja kwa mwezi, na akaunti ndogo iliyolala inaliwa nacho pole pole. Na nikifika umri wa kustaafu, mnanipa njia zipi? Kama ni pensheni ya kila mwezi inayonunuliwa kutoka kampuni ya bima, haki ya kutafuta bei kwa kampuni nyingine ni yako. Usikubali kufungwa na ile iliyotunza akiba. Kama utabaki na mfuko na kuchota kidogo kidogo, ada ya salio inaendelea kukatwa miaka yote ya kuchota.

Kodi ya kutoka mapema nayo ihesabu. Chini ya sheria iliyoanza mwisho wa Desemba 2024, mafao hayatozwi kodi ukifikia umri wa kustaafu wa mpango, ukitoka kabla kwa sababu ya ugonjwa, au ukiwa umetimiza miaka 20 ya uanachama. Anayetoka nje ya hapo anatozwa. Faida ya uwekezaji ndani ya mfuko uliosajiliwa haikatwi kodi, ilhali riba ya mfuko wa soko la fedha hukatwa 15%. Ndiyo sababu mtu anaweza kuvumilia ada ya 2% hapa kuliko kwingine, mradi pesa zikae. Zile utakazozihitaji ndani ya miaka miwili usizilete humu.

Taarifa ya mwaka ikifika, kaa nayo dakika kumi. Jumlisha michango yako mwenyewe kutoka ujumbe wa M-Pesa au hati za mshahara, ilingane na yao. Kisha angalia faida waliyoongeza dhidi ya kiwango walichotangaza. Usikitumie kiwango chote kwenye michango ya mwaka huo, maana mchango wa Novemba umefanya kazi miezi miwili tu. Ikipishana sana, andika barua kwa msimamizi na nakala kwa mdhamini. Wasipojibu, RBA inapokea malalamiko ya wanachama, na uamuzi wake usipokuridhisha kuna baraza la rufaa la mafao ya kustaafu. Weka kila jibu la ada ulilopewa wiki hii kwenye faili moja, na barua pepe za mawakala uzichapishe pia. Wakala anaweza kuwa amehama kampuni mwaka wa nne, siku utakapotaka kuthibitisha kwamba 5% ilikuwa iishe mwaka wa tatu.

Kibubu_34 anajibu:

Nimefanya mgawanyo kwenye hesabu za mpango wa pili: gharama zote pamoja na ada ya meneja iliyokuwa kwenye maelezo ya chini, imetoka 2.04%. Mgawanyo wa mali ni hatifungani za serikali 71%, hisa 16%, na zilizobaki ni amana za benki na mali nyingine. Mhasibu wa kazini amekubali kutuma mchango kuanzia mshahara wa mwezi ujao, anasubiri barua ya mpango tu. Asanteni Mama, Mizani na Jedwali.